Nataka bunduki ya kulinda familia yangu Houston. Ninunue ipi, na risasi gani?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 38, mzaliwa wa Kilosa, na kwa sasa ninaishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, Neema mwenye miaka 9 na mdogo wake Amani mwenye miaka 4. Tulifika hapa kwa bahati nasibu ya viza, kwa hiyo sisi wanne tuna kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu. Yupo pia mdogo wangu, ambaye anasoma chuo kwa viza ya mwanafunzi na analala sebuleni kwetu mpaka atakapopata chumba. Ninafanya kazi katika ghala la mizigo kwa zamu ya usiku, siku tano kwa wiki, naingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wiki tatu zilizopita mlango wa jirani yetu wa ghorofa hii hii ulivunjwa kwa teke saa nane usiku, naye akapigwa na kuporwa. Mke wangu alisikia kila kitu kupitia ukutani, akajifungia bafuni na watoto mpaka polisi walipofika. Tangu usiku huo halali nikiwa kazini, na mimi huko kazini mwili upo lakini roho haipo.

Nimeamua kununua bunduki Jumamosi ijayo, mshahara ukishaingia. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Msimamizi wangu wa zamu anasema ninunue bunduki ndefu aina ya AR-15. Ndugu yetu mmoja Mkongomani ninayefanya naye kazi anasema shotgani, kwa sababu haihitaji kulenga, na kwamba sauti yake ya kukokiwa tu inatosha kumfukuza mwizi. Muuzaji wa dukani naye alinionyesha bastola ndogo ya silinda yenye risasi tano, akasema hiyo ndiyo inayowafaa wanawake. Kwenye risasi ndiko nilikochanganyikiwa kabisa, kwa maana ni rafu nzima ya maboksi, na baadhi ya risasi zina tundu kichwani. Mjomba wangu aliyestaafu jeshini ameniambia kwa simu kuwa risasi za namna hiyo zimepigwa marufuku duniani na kwamba nitafungwa. Uzoefu wangu wa silaha ni gobole la marehemu babu, ambalo alifukuzia nguruwe shambani na ambalo nililipiga mara mbili nikiwa na miaka 15.

Nina dola 700. Mke wangu sijamwambia, kwa sababu nataka alione jambo likiwa limekwisha, nisimwongezee hofu juu ya hofu. Naomba unitajie bunduki moja na risasi moja.

Baba Neema, Houston

*

Marahaba, Baba Neema. Poleni sana kwa usiku ule, na umfikishie Mama Neema pole yangu kwa namna ya pekee, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa bafuni na watoto.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye sentensi ile moja kwamba mke wako hujamwambia. Aliyevunja mlango wa jirani alikuja saa nane usiku, na saa nane usiku wewe uko ghalani. Bunduki unayotaka kuinunua haitakuwa mkononi mwako siku itakapohitajika, bali itakuwa mkononi mwa mama mwenye watoto wawili chumbani, ambaye hujamuuliza kama ameshawahi kushika silaha, kama anaweza kuivuta, wala kama yuko tayari kumpiga binadamu mwenzake. Katika miaka 18 niliyofundisha watu kulenga shabaha hapa Texas nimeona waume wengi wakichagua bunduki kwa kipimo cha mkono wao na kuiacha nyumbani na mtu mwenye mkono mwingine. Kwa hiyo jambo la kwanza si duka. Kaa naye mzungumze, na akikwambia hataki, basi bunduki isiingie ndani ya nyumba hiyo, kwa sababu silaha isiyo na mtu wa kuitumia hubaki kuwa hatari kwa Amani na haimkingi yeyote. Kama atakataa, sehemu ya mwisho ya jibu langu, inayohusu mlango, ndiyo itakayokuwa jibu lako lote, na wala si jibu dogo.

Tuseme amekubali. Hata hapo nisingeanza na bunduki, ningeanza na ukuta. Umeandika kwamba alisikia kila kitu kupitia ukutani, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika habari yako. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za tofali, au hata za udongo uliokandikwa, tunapoona ukuta mweupe ulionyooka tunadhani kuna kitu kigumu ndani yake. Ukuta wa ndani wa fleti za hapa ni mbao mbili za jipsamu zenye unene wa kama milimita 13 kila moja, na katikati yake ni uwazi wenye nguzo za mbao zilizoachana. Ukuta unaotenganisha fleti na fleti huwa mnene zaidi kidogo kwa ajili ya moto, lakini bado ni jipsamu. Risasi ya bastola hupita kuta za namna hiyo mbili, tatu na zaidi, ikiwa bado ina nguvu ya kuua. Siku moja aliniita Mtanzania mwenzetu akiwa anatetemeka. Alikuwa akisafisha bastola aliyoamini kuwa ni tupu, ikafyatuka, risasi ikapita chumbani kwa wanawe, ikatoka hadi fleti ya pili na kuishia kwenye jokofu la jirani. Watoto walikuwa shuleni. Niliingia chumbani mle nikaona tundu, na lilikuwa usawa wa mto wa kitanda.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uchore ramani ya fleti yenu, ukionyesha mlango wa mbele, sebule anapolala mdogo wako, chumba cha watoto, chumba chenu, na majirani wa kila upande, wa juu na wa chini. Kisha mkae na Mama Neema mtafute mahali ndani ya chumba chenu ambapo mtu aliyeelekea mlango wa chumba hana nyuma ya mlango huo kitanda cha mtoto wala sebule ya shemeji yake, na ikiwezekana awe ameelekea ukuta wa nje wa matofali. Mpango wenyewe ni mfupi. Akisikia mlango unavunjwa, anawakusanya watoto chumbani kwenu, anafunga mlango kwa ufunguo, anawalaza nyuma ya kitanda, anafungua sefu, anapiga 911, namba ya dharura, na kuiacha simu wazi. Kama Kiingereza chake si kizuri, ataje anwani kwanza na kisha ataje lugha yake, kwa maana vituo vingi vya 911 hutumia wakalimani kwa njia ya simu. Haendi kumtafuta mwizi sebuleni. Televisheni ichukuliwe, mkoba uchukuliwe, yeye abaki pale alipo.

Mpango huo ndio unaochagua bunduki. Mwanamke aliye katika hali hiyo anatumia mkono mmoja kwa simu, na punde kwa kumsukuma Amani arudi chini anapoinua kichwa akilia. Bunduki ndefu inadai mikono yote miwili. Ndiyo maana siipendekezi shotgani kwenu, ingawa ni silaha ninayoiheshimu. Rafiki yako anaposema haihitaji kulenga, anarudia maneno ambayo nimeyasikia tangu nifike nchi hii na ambayo si kweli. Risasi ya kawaida ya shotgani ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, kwa ajili ya ulinzi hubeba marisaa makubwa 8 au 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8 na kidogo, na kwa umbali wa chumbani, yaani mita tatu hadi tano, marisaa hayo bado hayajatawanyika zaidi ya upana wa kiganja. Usipolenga utakosa, na ukikosa umerusha risasi 9 ukutani badala ya moja. Wako watakaokwambia utumie marisaa madogo ya ndege kwa ajili ya usalama wa majirani. Usiwafuate, kwa kuwa kwa umbali huo hayo nayo yanatoboa jipsamu, lakini hayaaminiki kumzuia mtu mzima aliyevaa koti. Na ile sauti ya kukoki ambayo inasemekana humfukuza mwizi, mimi siwezi kumpa Mama Neema mpango unaotegemea woga wa mtu asiyemjua, ambaye huenda amelewa, huenda naye ana silaha, na ambaye kwa sauti hiyo atakuwa ameshaelekezwa chumba alimo.

Msimamizi wako na AR-15 yake si mtu wa kupuuzwa. Wengi hushangaa wakisikia kwamba risasi nyepesi za bunduki hiyo, zile za greni 55 ambazo ni gramu tatu na nusu tu, huyumba na kuvunjikavunjika zikishagonga ukuta, hivyo mara nyingi hupoteza nguvu mapema kuliko risasi nzito ya bastola, ijapokuwa nazo hupita zaidi ya ukuta mmoja. Tena ni rahisi kulenga nayo. Ila ni ndefu, bei yake pamoja na sefu ya kuitosha inapita dola zako 700, na mlio wake ndani ya chumba kidogo ni wa kuumiza masikio ya watoto kwa maisha yao yote. Kwa kweli mlio wa bunduki yoyote hupita desibeli 140, kiwango ambacho sikio huanza kudhurika kwa mara moja tu, lakini huo ni mkali zaidi.

Kuhusu bastola ndogo ya silinda, hapo nakasirika, kwa sababu wanawake wengi wameuziwa kitu hicho kwa sababu moja tu, kwamba ni kidogo. Udogo ndio tatizo lenyewe. Bastola nyepesi hurudi nyuma kwa kishindo na kuumiza kiganja, vilengeo vyake ni vifupi mno, na kifyatulio chake, ambacho wengi wetu tunakiita triga, kinahitaji nguvu ya kuvuta inayokaribia kilo tano, kwa hiyo mtu asiyezoea anapokivuta mdomo wa bastola huyumba kabla risasi haijatoka. Hiyo ni silaha ya mtu aliyebobea. Anayeanza anahitaji bastola yenye uzito wa kutosha, inayojaa mkononi.

Kwa hiyo jibu langu ni bastola ya ukubwa wa kati ya milimita 9, ile inayoandikwa 9mm Luger au 9x19 kwenye boksi. Risasi hiyo ilibuniwa Ujerumani mwaka 1902 na ndiyo risasi ya bastola inayotumiwa zaidi duniani na polisi na majeshi, hivyo inapatikana kila duka, mazoezi yake hayana gharama kubwa, na mrudisho wake unavumilika. Kuwa mwangalifu na maandishi ya boksi, kwa maana kuna risasi nyingine zinazokaribiana nayo kwa jina, kama 9mm Makarov na .380 ambayo huitwa pia 9mm fupi, na hizo hazifai kuingizwa humo. Umeniomba nitaje moja. Mkono wa Mama Neema ukiwa na nguvu ya kawaida, Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, inabeba risasi 15 na haina mambo mengi ya kukumbuka gizani, lakini ufahamu kwamba haina kitufe cha nje cha kuizuia isifyatuke, na kwamba usalama wake umo katika kutoweka kidole kwenye triga. Akishindwa kuivuta sleidi, yaani ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma ili risasi iingie, basi ajaribu Smith & Wesson Shield EZ ya milimita 9, ambayo imetengenezwa makusudi ivutike kwa urahisi, na ambayo haifyatuki mpaka kiganja kiwe kimeubana mpini. Bastola za namna hii huuzwa kati ya dola 400 na 600. Mwenye kuamua kati ya hizo mbili ni kiganja cha Mama Neema, si mimi wala wewe.

Sasa risasi, ambako mjomba wako amekutia hofu. Mjomba hakusema uongo, ila amechanganya vita na nyumba. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulipitisha azimio la kukataza vitani risasi zinazopanuka mwilini, na watu waliziita dumdum kwa jina la kiwanda cha silaha cha Waingereza kilichokuwa karibu na Calcutta. Azimio lile lilihusu majeshi ya mataifa yanayopigana, na Marekani yenyewe haikujiunga nalo. Polisi wa nchi hii hubeba risasi hizo kila siku, na watu wa kawaida wa Texas wanaruhusiwa kuwa nazo nyumbani. Sababu ya polisi kuzipendelea ndiyo sababu yako pia. Risasi iliyovikwa shaba kichwa kizima hupenya mwili na kutoka upande wa pili ikiendelea na safari, wakati ile yenye tundu kichwani hufunguka kama ua ikiingia mwilini, ikapunguza mwendo na kwa kawaida ikabaki humo, hivyo aliye nyuma hapatwi na madhara. Shirika la FBI, baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986 ambapo maofisa wake wawili waliuawa, lilianza kupima risasi kwa kuzipiga katika jelatini maalumu inayoiga mwili, na kipimo kinachotakiwa ni kupenya kati ya sentimita 30 na 46. Tafuta zilizofaulu kipimo hicho. Speer Gold Dot na Federal HST, za greni 124 au 147, ni kati ya zinazotumiwa sana na polisi, na yoyote kati ya hizo itakutosha.

Lakini usije ukadhani umenunua risasi inayojua kusimama ukutani. Ikigonga jipsamu kwanza, mara nyingi lile tundu huzibwa na unga wa ukuta, risasi haifunguki tena, nayo huendelea kupita kuta kama ile iliyovikwa shaba kichwa kizima. Inapunguza hatari pale tu inapompata uliyemkusudia. Risasi inayokosa ni hatari ile ile, iwe ya bei rahisi au ghali, na ndiyo maana nitasisitiza mazoezi kuliko boksi. Nunua zile zilizovikwa shaba kwa mazoezi, kwa kuwa bei yake ni ndogo, kisha apige angalau 50 kati ya zile za ulinzi kwa bastola ile ile ili muwe na hakika kwamba hazikwami.

Ongeza tochi. Nyumba ikiwa na giza, mtu anayesimama mlangoni ni kivuli tu, na nani kati yetu hajui jinsi woga unavyompa kivuli sura ya adui. Asiguse triga mpaka awe ameona uso kwa mwanga.

Nimefika kwa mdogo wako, na hapa naomba usome polepole. Sheria ya shirikisho inakuruhusu wewe na mke wako, wenye kadi ya kijani, kununua na kumiliki bunduki. Mtajaza fomu namba 4473 dukani, mtaandika namba yenu ya uhamiaji, mtaonyesha kitambulisho chenye anwani mnayoishi sasa, kisha muuzaji atafanya ukaguzi wa historia yenu. Kwa bastola, anayenunua dukani awe ametimiza miaka 21. Texas haidai kibali cha ziada. Mdogo wako yuko upande mwingine kabisa. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya mwanafunzi, amekatazwa kuwa na bunduki au hata risasi moja, isipokuwa katika hali chache kama vile mwenye leseni halali ya uwindaji. Msimpeleke uwanja wa shabaha kujaribu kwa furaha, asipewe namba ya sefu, asiombwe hata kuhamisha boksi la risasi kutoka kwenye gari. Makosa ya silaha yanaweza kumfukuzisha mtu nchini, na hilo linawahusu hata nyinyi wenye kadi ya kijani. Kwa hiyo kwenye fomu ile kila jibu liwe la kweli, na msimnunulie mtu mwingine silaha kwa jina lenu hata akiwa ndugu wa damu.

Sefu si kitu cha kununua baadaye. Katika sheria za Texas ni kosa mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki iliyo tayari kufyatuka ambayo mtu aliiacha kwa uzembe, na mtoto akiifyatua na kumuua au kumjeruhi mtu vibaya, mwenye bunduki anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Adhabu hiyo naitaja tu, maana najua kwamba mzazi aliyefikwa na hilo hahitaji hakimu. Chini ya kitanda si mahali pa kufichia. Juu ya kabati pia si mahali, Neema ana miaka 9 na anajua kupanda kiti. Chukua sefu ndogo ya vitufe, ifungwe kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au kabati zito, na namba yake mjue nyinyi wawili tu. Za alama za vidole siziamini kwa nyumba yenye watoto. Mwaka 2023 sefu za namna hiyo zipatazo 61,000 zilirejeshwa kutoka sokoni nchini humu, baada ya kubainika kuwa zinaweza kufunguka kwa kidole ambacho hakikusajiliwa, na mtoto wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufa. Humo bastola ikae na magazini yake, yaani kibebeo cha risasi, ikiwa imejaa, lakini risasi isiwe ndani ya chemba, yaani mtutuni tayari kufyatuliwa, angalau mpaka Mama Neema awe amezoea vya kutosha.

Lipo swali moja ambalo ni zito kuuliza, nami nitaliuliza. Je, yupo mtu ndani ya nyumba hiyo ambaye moyo wake umezama? Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki katika Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Wewe hulali usiku, yeye halali usiku, na mdogo wako ni kijana aliye mbali na wazazi. Kama jibu ni ndiyo, hata kwa kiasi kidogo, subirini kwanza, mtafute msaada wa daktari, na bunduki ingoje.

Sheria ya kujitetea niieleze kwa ufupi. Kwa Texas, mtu akiingia kwa nguvu ndani ya nyumba yenye watu, sheria humchukulia mwenye nyumba kuwa alikuwa na sababu ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini, na hadaiwi kukimbia kwanza. Hilo halimhusu anayekimbia akitoka nje na televisheni yako. Sheria inayo vifungu vya mali, lakini mimi sitamfundisha mtu yeyote kuua kwa ajili ya televisheni. Na polisi wakifika, bastola iwe imewekwa chini na mikono iwe mitupu.

Kuhusu mlango, anza leo, usingoje mshahara. Mlango wa jirani ulivunjwa kwa teke, na mlango wa namna hiyo kwa kawaida hauvunjiki wenyewe, kinachong'oka ni kile kipande cha chuma kwenye fremu ambamo komeo huingia, kwa kuwa kimeshikwa na skrubu fupi za sentimita mbili zilizoishia kwenye ubao wa urembo. Skrubu za sentimita saba au nane, zinazofika kwenye nguzo ya ukuta, hazifiki dola 10, na zitabadilisha kabisa kazi ya mtu anayepiga teke. Fanya hivyo hivyo kwenye bawaba. Mwenye nyumba wako naye ana wajibu. Sheria ya mali ya Texas, sura ya 92, inamtaka aweke kwa gharama zake komeo lisilo na tundu la ufunguo kwa nje, tundu la kuchungulia mlangoni, na vifungio vya madirisha. Kama kimojawapo hakipo, mwandikie barua na ubaki na nakala. Akikujibu kuwa mkataba wake unakataza bunduki, ujue kwamba tangu Septemba 1, 2019 mwenye nyumba wa Texas hawezi kumkataza mpangaji kuwa nayo kihalali ndani ya fleti anayoishi.

Jumamosi hiyo basi usiende peke yako. Nendeni wawili kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, watoto wabaki kwa jirani mnayemwamini, na mwombe mkufunzi ambaye si wewe, kwa kuwa mume ni mwalimu mgumu kwa mke na uzoefu wako ni gobole la mara mbili. Ashike zile mbili nilizozitaja, apige risasi 50, wewe kaa nyuma ukiwa kimya. Akitoka hapo na kusema yuko tayari, duka litakuwa wazi hata wiki inayofuata, na katika dola 700 zako sefu na masomo vihesabiwe kabla ya bastola. Kama hazitoshi, ongezea mwezi mmoja, mlango utakuwa umeshaimarishwa.

Usiku wa leo kuna jambo moja ambalo halina gharama. Mdogo wako anarudi kutoka maktaba ya chuo wakati wewe umeshaingia zamu, anaingiza ufunguo polepole ili asiwaamshe watoto, na Mama Neema aliye macho kitandani anasikia komeo likizunguka. Mwambie asiingie tena kimya. Apige simu akiwa kwenye maegesho, na akifika mlangoni apige hodi kwa sauti, ataje jina lake, na ufunguo usiingie kwenye kitasa mpaka shemeji yake awe ameitikia karibu.